Mkalimani na Ngoma ya Majina

Nilifika Handeni siku ya tisa baada ya kuondoka Tabora, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kazi ya ukarani bomani, iliyolowa mpaka wino wake ukahamia kwenye shati langu. Garimoshi lilikuwa limenishusha Morogoro. Wakati ule, enzi za Mwingereza, reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa, na mtu aliyetaka kutoka moja kwenda nyingine ilimbidi atafute lori. Nilikaa siku tatu kibarazani kwa muuza kahawa nikisubiri. Lori lilipopatikana lilikuwa na shehena ya chumvi, na sisi abiria tukawekwa juu ya magunia. Tulipopita Turiani likazama kwenye tope hadi tumboni. Tukakata matawi, tukasukuma, likatoka, likazama tena. Utingo aliponiona nasukuma kwa ncha za vidole, nikiogopa kuchafua barua yangu, akaniuliza, "Wewe msomi, huko shule mlifundishwa kusukuma kwa Kiingereza?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza sekondari, na nilidhani Handeni ni mahali pa kupita tu. Nikakaa miaka sita. Sasa nina arobaini na kitu, nimeishi miji mingi, na hakuna mahali pengine nilipofikisha hata nusu ya hiyo. Nikiulizwa nini kilinishika pale, penye jua kali na maji ya kugombania, namkumbuka mtu mmoja tu: mkalimani wa boma. Kila mtu alimwita Mkalimani, hata mke wake alipokuwa na hasira.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa makamo aliyeanza kuchoka, na mkimya kuliko wote niliowahi kukaa nao chumba kimoja. Meza yake ilitazamana na yangu. Alifungua droo kama anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Viatu vyake alivipigilia vipande vya tairi kwenye visigino ili visilie juu ya sakafu ya boma. Watu wakizungumza kibarazani alitoka, akasimama mlangoni bila kusema neno, akaweka kidole mdomoni. Na watu wazima wenye ndevu, waliokuja kudai mashamba yao, wakanyamaza kama watoto. Nami alinifanyia hivyo siku ya kwanza, nilipomwamkia "Shikamoo, mzee" kwa sauti ya shule. Kwanza kidole, ndipo "Marahaba."

Mke wake, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa Mzigua wa Sindeni, na kicheko chake ulikisikia kabla hujaiona nyumba yao.

"Huyu mzee wenu," aliniambia nilipokwenda kula kwao mara ya kwanza, "hata kukohoa anaomba kibali. Siku ya arusi yetu ngoma zilipoanza alikimbilia jikoni. Wanawake wakaniuliza, bwana arusi yuko wapi? Nikawaambia, tazameni kwenye vyungu."

Mkalimani akaendelea kumega ugali. "Nilikuwa na njaa," akasema.

Kazini mtu huyu aligeuka. Bwana Shauri, yaani yule Mwingereza aliyeishika wilaya, aliposimama kwenye baraza na kuanza kusema, Mkalimani alikaa hatua moja nyuma ya bega lake la kushoto, na sauti ikamtoka kubwa, safi, isiyokatika. Aliidaka sentensi ya Mzungu kabla haijatua. Mkalimani mzuri, alinifundisha, haachi nafasi. Akiacha nafasi watu wataanza kunong'ona, Bwana atageuka kumtazama, na akigeuka mara mbili, kesho mkalimani ni mwingine. "Kazi yangu si kuelewa," alisema. "Kazi yangu ni kutonyamaza." Na kubwa kuliko yote, mkalimani hamkatizi Mzungu mbele za watu kumwuliza maana ya neno. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kufanya hivyo, na alijivunia jambo hilo kama mwingine anavyojivunia ng'ombe.

Upande wetu wa mto Pangani, kabla hujavuka kwenda Korogwe, kulikuwa na shamba la mkonge. Wakataji wake wengi walikuwa manamba, watu wa mkataba walioletwa kutoka mbali, na waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Namba iliandikwa kwenye kipande cha kazi, ikaitwa asubuhi kwenye mstari, ikaitwa jioni kwenye posho. Majina waliyoandikisha walipochukuliwa makwao hayakuwa majina. Mmoja aliandikwa Jembe, mwingine Alhamisi, mwingine Sigara. Jina la kweli hawakuipa karatasi. Walisema karatasi ikishalijua jina lako inaweza kukuita popote utakapokuwa.

Jina lilingoja siku yake. Mtu akimaliza mkataba, Jumapili iliyofuata, alasiri, kambi nzima ilikusanyika kwenye uwanja ulio mbele ya mtambo wa kuchambua mkonge, ambao siku hiyo ulikuwa umezimwa. Ngoma zikaanza, na madebe, na vipande vya reli ya toroli vilivyogongwa kwa nyundo. Aliyemaliza akaingia katikati, akapaza sauti yake yote: jina lake, jina la baba yake, kijiji chake. Mara tatu. Na kila mara wenzake wakamjibu kwa kishindo, ngoma na filimbi na vigelegele, watoto wakipiga sufuria. Kelele ile ndiyo iliyolipokea jina. Bila kelele, walisema, mtu amejisemea peke yake. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwita kwa namba, na Jumatatu alipanda gari kwenda kwao akiwa mtu kamili.

Mpiga ngoma mkubwa wa kambi alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana na kovu la mwiba wa mkonge juu ya jicho. Aliitwa Mia Nne na Saba. Alikuwa amewapokea wenzake wengi kwa mikono yake miwili, na mwaka ule mkataba wake mwenyewe ulikuwa unakwisha.

Ndipo meneja wa shamba akalalamika. Alikuwa na wageni wa chai Jumapili moja, ngoma zikaanza, na mama mmoja wa Kizungu akadondosha kikombe. Bwana Shauri akaenda kufanya baraza kambini, nasi tukaenda naye, Mkalimani kwa kazi yake na mimi kubeba mafaili. Nilikuwa sijatimiza hata mwaka.

Bwana Shauri yule hakuwa mtu mbaya. Alipanda juu ya sanduku, akasema kwa Kiingereza kwamba amesikia habari za ngoma ya Jumapili. Akasema ngoma hiyo ni rumbustious. Alipolitamka neno hilo alitabasamu kidogo, nami nikaliona tabasamu. Neno lenyewe sikulijua. Nikamtazama Mkalimani, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana kitu mdomoni. Haikuzidi pumzi moja. Watu wakaanza kunong'ona. Bwana akageuza kichwa.

"Bwana Shauri anasema," Mkalimani akapaza sauti, "ngoma yenu ni ya fujo!"

Kwa watu wale fujo ilikuwa kosa la kufungwa. Uwanja ukalipuka.

"Fujo gani? Tumempiga nani?"

"Nani kaibiwa? Aje aseme!"

Jumbe wa pale, ambaye tangu zamani hakuwapenda wageni wa kambini, akasimama na bakora yake. "Mmesikia? Si mimi! Mmesikia wenyewe!"

Bwana Shauri aliendelea kusema kwa sauti yake ndogo. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. Ngoma iendelee, alisema, ila waihamishie ng'ambo ya reli ya toroli, karibu na mto, na wamalize kabla ya saa kumi na mbili. Mkalimani naye alisikia. Alifungua mdomo, akangoja kelele zipungue. Hazikupungua. Mvua ikaanza kudondoka, dereva akawasha gari, Bwana akashuka kwenye sanduku, na mkalimani huenda aendako Bwana wake. Tukapanda.

Garini Bwana akauliza kama watu wameridhika.

"Wameridhika, Bwana," Mkalimani akasema.

Mimi nilikuwa nyuma, mafaili mapajani. Nikatazama mvua.

Jumanne yake Jumbe na wanyapara walikusanya ngoma zote za kambi wakazichoma nyuma ya ghala. Mwezi uleule Bwana Shauri akaenda likizo kwao Uingereza, na hakurudi tena.

Kabla moshi wa habari hiyo haujapoa, Mia Nne na Saba alikuja bomani, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Alisimama kibarazani akiwa ameshika kofia.

"Shikamoo, mzee."

Kidole. Kisha, "Marahaba."

"Nimekuja kuuliza. Jumapili hii ndiyo ilikuwa siku yangu. Hiyo fujo tuliyoifanya ni ipi?"

"Ni neno la Bwana."

"Hilo neno la Bwana, kwa Kizungu linasemwaje?"

Mkalimani akatazama mlango, akatazama dirisha, akalisema kwa kunong'ona. Mia Nne na Saba akalirudia kipande kwa kipande, vidole vyake vikigonga ukingo wa baraza. Akalirudia tena, vidole vikaongeza mwendo. Akacheka kwa kifua chote.

"Mzee, hili neno lenyewe ni ngoma! Aliyelitunga alikuwa anacheza."

"Punguza sauti," Mkalimani akamwambia.

Yule akapunguza. "Basi nitangoja," akasema. "Nikiondoka sasa, atakayefika kwetu ni Mia Nne na Saba. Mama yangu hamjui huyo." Akarudi kambini, akachukua mkataba mwingine.

Kesho yake Mkalimani alifungua kamusi kubwa ya ofisini. Alisoma amesimama, akaifunga taratibu hata sikuisikia. Hakusema kitu mpaka tulipotoka kwenda kula.

"Haikuwa fujo," akasema.

"Najua, mzee."

"Ulijua?"

"Nilimwona akitabasamu."

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Tangu siku ile neno lile likamwingia kama homa isiyoshuka. Mtu aliyesema kazi yake si kuelewa akaanza kulifuata neno moja mpaka kwenye mizizi. Alichukua likizo yake ya mwaka, wiki mbili, akapanda milima mpaka Dindira kumwona padri mmoja mzee aliyejua Kilatini. Alirudi na viatu vimekwisha. Nilimkuta nyumbani, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa haraka.

"Limetokana na mti! Padri anasema ni mti mgumu wa huko Ulaya, wa kujengea meli. Warumi wa kale walipotaka kusema mtu ana nguvu walimfananisha na mti huo. Waingereza wakalichukua neno, wakalivuta huku na huku, wakaliongezea mkia na kishindo kwa mchezo tu, mpaka likawa la mtu mwenye uzima mwingi hata unamwagika kwa kelele. Unaona? Asili yake ni nguvu. Hamna ubaya ndani yake hata kidogo."

Bibi alikuwa anapeta mahindi. "Na kwa Kiswahili?" akauliza.

Mkalimani akachukua daftari lake, akasoma orodha: ghasia, vurumai, rabsha, hekaheka, kishindo. Kila moja alikuwa amelikata kwa mstari ulionyooka.

"Ngoja," Bibi akasema. "Watu wana furaha, wanapiga kelele, hawana ubaya na mtu? Hizo ni shamrashamra. Si ndizo za arusini? Ungeniuliza."

"Hukuwepo barazani."

"Wewe ulikuwepo," Bibi akasema, akaendelea kupeta.

Mkalimani alikuwa amekwenda kwa Jumbe zamani, kumwambia kwa mdomo kwamba ngoma ilikuwa imeruhusiwa. Jumbe akamjibu, "Niletee karatasi." Kwa hiyo akaanza kuandika barua kwa Bwana Shauri mpya. Mimi ndiye niliyezipiga chapa kwa mashine. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, ya mwisho saba. Ndani yake mlikuwa na mti, na Warumi, na mchezo wa Waingereza, na arusi za Wazigua na Wasambaa, na maelezo mazuri ya jinsi manamba wanavyorudishiwa majina yao. Mlikosekana sentensi moja tu: kwamba siku ile Bwana aliiruhusu ngoma, na mkalimani wake hakusema. Sentensi hiyo ingemgharimu kazi na pensheni. Bila hiyo, barua ilikuwa mhadhara wa karani kuhusu neno la Kiingereza.

Mabwana Shauri wengine watatu walipita katika miaka yangu pale. Kila mmoja aliisoma barua, akasifu lugha yake, akaandika pembeni kwamba kambi imetulia na hakuna haja ya kuigusa. Mmoja alimpa zawadi ya kalamu ya wino.

Nami ningeweza kuiandika ile sentensi. Mashine ilikuwa mbele yangu, na yeye alizoea kutia sahihi bila kusoma, kwa kuniamini. Siku moja niliipiga nusu. Kisha nikaitoa karatasi, nikaikunja, nikaanza upya.

Msisadiki kwamba alikuwa mtu wa huzuni saa zote. Alipenda muwa, akautafuna bila kusikika, sijui kwa njia gani. Wazee waliokuja na kesi alikuwa akiwapa kiti chake mwenyewe. Kumbe yeye, mnyamazishaji wa wote, Jumapili alasiri alitoka peke yake kwenda barabara ya Sindeni, akasimama ametega sikio upande wa mtoni. Kutoka pale mtu hawezi kusikia kitu cha kambini hata kingekuwepo. Nilimwuliza anasikiliza nini. "Naangalia mvua," akasema. Ilikuwa kiangazi.

Masika ya tatu tangu baraza lile, Mia Nne na Saba alikufa kwa kifua. Mkataba wake wa pili ulikuwa umekwisha, akachukua wa tatu, akingoja. Tuliposikia alikuwa ameshazikwa nyuma ya viunga vya mkonge, na kichwani pake ubao wa sanduku la sabuni wenye tarakimu tatu. Mkalimani aliomba ruhusa, tukaenda pamoja. Katika daftari la shamba aliandikwa Sigara. Kijiji, hakuna. Waliokuja naye walikuwa wamerudi makwao zamani, kila mmoja na jina lake, lililopokewa na mikono ya yule yule. Tuliuliza kila nyumba.

"Alikuwa hatuambii," mzee mmoja mpishi alisema. "Alisema mtalisikia siku yangu. Homa ilipompanda alisema sana, lakini kwa lugha ya kwao. Hapa hakuna aliyeijua. Laiti ungekuwepo wewe mkalimani."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani mkalimani anajua lugha zote.

Tukaenda kaburini. Mkalimani akasimama mbele ya ubao, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuita, akaufunga. Siku ya baraza palikuwa na mamia ya watu wakimzidi sauti. Pale hapakuwa na wa kumkatiza. Tulipokuwa tunarudi aliniambia nikija kuandika habari zake nisimtaje jina. "Sina haki ya kumtangulia," alisema. Ndiyo maana nimelificha.

Baadaye alistaafu, akapata pensheni yake. Mwaka huohuo Bibi akafariki, na nyumba yao ikapata ule ukimya alioutafuta maisha yake yote. Hakuweza kuukaa. Akahamia Korogwe, akapanga chumba karibu na stesheni, mahali penye mabehewa yanayogongana kutwa. Nilipomtembelea alisema amekizoea kishindo kile, ila mlango aliufunga kwa kuunyanyua kidogo, usilie.

Mimi nami nilikuwa nimeanza kuwashwa na miguu. Niliacha kazi ya boma, nikaja Korogwe na sanduku langu lile lile ili nipande garimoshi la Moshi, nikiwa nimeapa sirudi. Nilifika kwake asubuhi. Alinipa chai, kisha akanipa barua niisome. Sasa ilikuwa na kurasa nane. Alikuwa ameongeza habari za majani ya ule mti.

Nikaisoma yote. "Mzee, bado hujasema ulivyofanya siku ile."

"Bado."

"Pensheni unayo."

"Waliyoitoa wanaweza kuichukua tena."

"Na wewe unaihitaji ya nini sasa?"

"Hata nikisema," akajibu, "watamruhusu nani? Juzi nilikwenda kambini. Walioijua ngoma ile wamekwisha. Nikamwuliza kijana mmoja, ukimaliza mkataba mnafanya nini? Akasema, tunapanda gari. Nikamwuliza, na jina lako? Akanipa namba." Akaipokea barua, akailinganisha kingo zake, akairudisha chini ya godoro.

Alinisindikiza stesheni. Alibeba sanduku upande mmoja, mimi upande wa pili, ingawa nilimkataza. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, watu wachache: wanawake wenye vikapu vya machungwa, wapagazi, askari mmoja aliyesinzia mlangoni kwa bwana stesheni. Garimoshi likafika, nikapanda, nikashusha kioo. Lilipoanza kutikisika, nikaikumbuka ngoma ya majina. Nilikuwa nimemaliza miaka yangu sita na naondoka moja kwa moja. Nikatoa kichwa dirishani, nikapaza sauti yangu yote: jina langu, jina la baba yangu, kijiji changu.

Watu wakageuka. Mpagazi mmoja akacheka. Mwanamke mmoja wa machungwa, bila kujua anashangilia nini, akapiga nusu ya kigelegele, akanyamaza.

Nilikuwa namtazama Mkalimani. Nilitaka anijibu yeye, hata kwa kofi moja la mkono. Aligeuka kumtazama askari. Akatazama mlango wa bwana stesheni. Kisha akanitazama mimi, macho yamejaa maji, akaweka kidole mdomoni.

Mara mbili zilizobaki sikuzisema.